Ukungu Umekaa Tabaka Gani?

Haya ni maneno niliyowaambia vijana waliokuwa wakimaliza mafunzo ya rangi za magari katika chuo kimoja cha ufundi, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza marudio, na utani uliokuwa wa ukumbini nimeuacha ukumbini.

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi mliofika, wakubwa zangu shikamooni. Wahitimu, hamjambo? Nawaona mmevaa ovaroli zisizo na doa hata moja. Pigeni picha leo leo, maana kesho hamtazitambua.

Nimeombwa niseme jambo la kuwasaidia kazini. Mambo ya nidhamu na uaminifu mmeshayasikia kwa mgeni rasmi, na ameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeyasema mimi. Mimi nimekuja na boneti. Ile pale juu ya stendi, nyeusi, ya gari dogo la mjini. Upande wa kulia ina baka la weupe, upana wake kama sahani ya pilau. Mliokaa nyuma mnadhani ni vumbi. Mwenye gari naye alidhani ni vumbi, akaosha, gari lilipokauka weupe ukarudi. Akaenda kwa waosha magari, wakampakia polishi, weupe ukapotea mpaka mvua ilipopiga. Fundi mmoja akamwambia, "Hiyo ni ya kupiga mashine ya polishi tu." Mwingine akamwambia, "Hiyo vanishi imekufa, inapulizwa upya." Wote wawili walitaja na bei. Hakuna aliyeigusa hiyo boneti hata kwa kidole.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na mafundi wenzangu. Bei tunaitaja kabla ya kujua tatizo. Gari likiingia na ukungu, fundi anakimbilia kuwaza atumie kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, ya namba ngapi. Anachotakiwa kujiuliza kwanza ni kimoja: huu weupe umekaa tabaka gani?

Tabaka mmefundishwa, nitapita haraka kwa ajili ya wazazi. Chini kabisa ni chuma. Juu yake kuna rangi ya kuzuia kutu, ambayo kiwandani bodi zima huzamishwa kwenye tangi na kupitishiwa umeme ili rangi ishike kila kona. Inafuata praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe unayoiona, halafu juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mtaani wengi tunaiita klia. Mkusanyiko wote huo, kwa gari ambalo halijaguswa tangu kiwandani, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150. Mikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Vanishi peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Kinga ya mionzi ya jua imechanganywa humo humo ndani ya vanishi. Kwa hiyo kila mara unapopiga kampaundi unakata kinga ya mtu, na haiwezi kurudi kwa polishi ya chupa, hata chupa iandikwe nini.

Na ukungu wenyewe ni kitu gani? Ni mwanga uliotawanyika. Uso ulio laini huurudisha mwanga kwa mpangilio, ukaiona sura yako humo. Uso wenye mikwaruzo midogo, au wenye chembe, au vanishi yenye viputo vya maji ndani yake, huutupa mwanga huku na huku, na jicho linaona weupe. Ndiyo maana gari jeusi linaumbuka mapema. Jeupe nalo lina ukungu uleule, ila limefichiwa siri.

Sasa tuje kwenye kipimo cha kwanza, nacho ni bure. Nipeni ile chupa ya maji. Angalieni baka. Napuliza. Limekwenda wapi? Boneti nyeusi tii, unaweza kunyolea ndevu hapo. Nakausha kwa kitambaa. Subirini kidogo. Limerudi.

Maji yamefanya nini? Yameingia kwenye mikwaruzo na vijishimo vya juu, yakavijaza, uso ukawa kama umesawazika kwa muda, mwanga ukarudi kwa mpangilio. Hiyo ina maana tatizo la boneti hii liko juu, kwenye ngozi ya vanishi. Yule aliyesema ipulizwe upya alikuwa anauza rangi ambayo mteja haihitaji. Lakini kama ningepuliza maji na weupe ukabaki palepale, umetulia, unanitazama, basi ungekuwa ndani ya vanishi au chini yake, na mashine haiufikii bila kumaliza vanishi yote njiani. Kipimo hiki kinafaa hata kwa taa za mbele zilizopauka. Lowesha taa: ikirudi kuwa safi, msasa wa maji na polishi vitaisaidia. Ikibaki na ukungu, chungulia ndani, mara nyingi mpira umepitisha maji.

Kipimo cha maji hakijibu kila kitu. Kinakwambia juu au chini, basi. Ukishajua ni juu, osha gari vizuri, likauke, kisha vaa mfuko wa nailoni mkononi, ule mwembamba wa kufungia mkate, na upitishe vidole taratibu juu ya baka. Kwa mfuko, vidole vinasikia kitu ambacho bila mfuko visingekisikia. Ukisikia chengachenga, kuna kitu kimeganda juu ya vanishi: vumbi la rangi iliyopulizwa jirani, chembe za chuma kutoka kwenye breki, utomvu, saruji. Hicho kinaondolewa kwa ule udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, na maji mengi ya sabuni. Mashine iache kwanza ipumzike. Ukipiga mashine juu ya chengachenga umezigeuza kuwa msasa.

Vidole vikipita laini na bado pana weupe, washa tochi ya simu. Izungushe kwa pembe, usiimulike moja kwa moja. Taa ndefu za darini zinaficha mambo mengi. Gari linaonekana zuri ndani ya gereji, likitoka nje saa nne asubuhi mwenye gari anakupigia simu. Kwenye tochi, mikwaruzo ya kufutia kwa kitambaa kichafu inajipanga kwa duara kuzunguka mwanga. Alama za mashine zinaonekana kama mistari myepesi inayotembea kila ukiisogeza tochi. Chumvi ya maji inaonekana kama pete, kingo zake nyeupe kuliko katikati.

Tukae kidogo kwenye hiyo chumvi ya maji, maana mji wetu huu ndiyo nyumbani kwake. Sehemu nyingi za kuoshea magari Dar es Salaam zinatumia maji ya visima, na ninyi mnaotoka Kigamboni au Mbezi mnajua ladha yake. Maji yale yana kalisi na magnesi. Gari likioshwa saa saba mchana, boneti ikiwa ya moto, tone linakauka kabla kitambaa hakijafika, maji yanaondoka na madini yanabaki. Leo pete moja, kesho nyingine juu yake, baada ya miezi ni blanketi jeupe. Mwosha magari anaongeza sabuni ya unga, ambayo inamaliza nta yote iliyokuwa inakinga, na kufanya tone lijitandaze zaidi. Kuna wanaopangusia mafuta ya taa au dizeli ili gari ling'ae. Linang'aa kweli, mpaka vumbi la barabarani linapokuja kushika pale.

Dawa ya chumvi hiyo ipo jikoni: siki nyeupe, nusu kwa nusu na maji safi. Boneti iwe ya baridi, ivutwe kivulini. Lowesha kitambaa, laza juu ya baka dakika moja au mbili, usiache ikauke, futa, kisha suuza kwa maji mengi yasiyo ya chumvi. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Pete ikiondoka, umemaliza kazi bila kukata hata mikroni moja. Isipoondoka, maana yake madini yameshachimba vanishi yenyewe, na hapo sasa mashine ina haki ya kuingia.

Kinyesi cha ndege ni ndugu wa tatizo hilo. Kunguru wetu hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na sasa mtaniambia ninyi ni mti gani wa Dar es Salaam hawalali. Kinyesi kikikaa juu ya boneti mchana kutwa, vanishi inapata joto na kulainika kidogo. Jioni ikipoa inakaza tena kwa kufuata umbo la kile kilicholala juu yake. Unafuta kinyesi, lakini alama yake inabaki. Mwambie mteja akione akiloweshe kwa maji na kukiinua kwa kitambaa chenye maji, na afanye hivyo siku hiyohiyo. Asikikwangue kikiwa kikavu, kina mchanga ndani.

Sasa narudi kwa ukungu ambao hautokani na kunguru wala kisima. Unatokana na sisi. Nusu ya mabaka ninayoletewa kwenye magari meusi na ya bluu iliyokoza yametengenezwa na fundi mwenye mashine. Anachukua pedi ya manyoya, kampaundi nzito, mizunguko ya juu kabisa, anakata mikwaruzo mikubwa kwa kuweka midogo maelfu. Kisha anapaka polishi yenye mafuta mengi, mafuta yanajaza ile midogo, gari linang'aa, analipwa, kwaheri. Gari linaoshwa mara kadhaa, mafuta yanaondoka, ukungu unajitokeza. Mteja anadhani rangi ni mbovu. Boneti hii mnayoiona ni ya namna hiyo, nimeithibitisha kwa tochi asubuhi.

Dawa yake ni kwenda kwa upole. Anza na pedi laini ya sponji na kampaundi nyepesi kuliko zote ulizonazo. Funga kingo na mikunjo kwa tepu ya karatasi, maana pale ndipo rangi ilipo nyembamba na ndipo mashine huuma. Fanya kipande kidogo, sentimita 40 kwa 40, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika kama mashine yako ni ya kuzunguka, pedi ilale flati. Gusa bodi kwa mgongo wa kiganja. Ikikuunguza, umeshachelewa, acha ipoe. Futa kile kipande kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji ili kuondoa mafuta, ndipo uangalie kwa tochi. Ukiangalia kabla ya kufuta unajidanganya mwenyewe. Spiriti hiyo ni kwa rangi iliyokomaa. Rangi iliyopulizwa wiki hii usiisogelee nayo. Kama kipande kimekuwa safi, endelea na boneti nzima kwa namna hiyohiyo. Kama bado, panda ngazi moja tu, jaribu tena. Ukianza na kampaundi kali hujui kama ile nyepesi ingetosha, na ulichokata hakirudi.

Kitambaa chako nacho kinazungumza. Ukipiga kampaundi na kitambaa kikatoka na rangi ya gari, kuna mambo mawili: ama gari hilo halina vanishi tangu mwanzo, ama lilikuwa nayo na umeshaimaliza. Land Cruiser na Hilux nyingi nyeupe, zile zenye namba ya rangi 040, zimepakwa rangi ya tabaka moja isiyo na vanishi juu. Namba iko kwenye kibao cha chuma kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kwenye Toyota tafuta herufi C/TR au neno COLOR. Gari la namna hiyo likipauka linatoa unga kama chaki ya ubaoni, na hilo halitishi: kampaundi nyepesi inaondoa unga, rangi inaamka, unapaka nta, kazi imekwisha. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi, vinginevyo huwezi kujua kilichotoka ni rangi au ni kampaundi yenyewe. Lakini ukiwa juu ya gari la rangi ya metaliki, ile yenye chembe za kung'aa, na kitambaa kikatoka cha bluu, zima mashine. Zima, usimalizie hata kile kipande.

Haya, tushuke chini sasa. Ukungu usiopotea kwa maji.

Upo wa aina mbili mtakazokutana nazo sana, na aina hizo hazifanani hata kidogo. Wa kwanza ni vanishi iliyochoshwa na jua. Utaukuta juu ya paa, boneti na buti, sehemu zinazotazama mbingu. Milangoni ni nadra. Unaanza kama weupe usio na mpaka, halafu unapata kingo, halafu kingo zinaanza kunyanyuka. Bandika tepu ya karatasi pembeni ya baka, ikandamize, ivute kwa haraka. Ikitoka na magamba, mazungumzo ya polishi yamefungwa. Mteja atakuomba, "Fundi, fanya hivyohivyo kidogo ing'ae, nauza." Mweleze kwamba vanishi imeachana na rangi, hewa imeingia katikati, na hakuna kampaundi inayoirudishia gundi. Kinachofanyika ni kuondoa vanishi yote iliyolegea mpaka ufike palipo imara, kulainisha mpaka ukucha usikwame popote, praima pale palipofunguka, rangi, kisha vanishi kwenye kipande kizima mpaka kwenye kingo zake. Ukipuliza vanishi mpya juu ya kingo zilizokufa, zitanyanyuka na kuondoka na kazi yako mpya.

Aina ya pili ndiyo yetu hasa, watu wa pwani, na nataka kukaa hapa. Ni ule weupe kama maziwa unaotokea palepale unapopuliza, au saa chache baadaye, hasa kwa rangi na vanishi za selulosi, ambazo gereji nyingi za mitaani bado zinazipenda kwa sababu zinakauka upesi na bei yake ni nafuu. Thina, kile kiyeyusho tunachochanganyia rangi, inapoondoka inachukua joto kutoka kwenye bodi. Ukijipaka spiriti mkononi unasikia ubaridi, ni jambo lilelile. Bodi ikipoa kupita kiasi, unyevu wa hewani unageuka maji juu ya rangi mbichi na kunaswa humo.

Tupige hesabu. Asubuhi ya Aprili, katikati ya masika, joto nyuzi 27, unyevu asilimia 85. Kwa hali hiyo umande huanza kujitengeneza kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24. Una nafasi ya nyuzi tatu tu, na thina ya kukauka haraka inazimaliza hizo kabla hujafika mlango wa pili. Sasa chukua siku nyingine, nyuzi 30, unyevu asilimia 60: umande unahitaji bodi ishuke mpaka nyuzi 21. Una nafasi ya nyuzi tisa. Fundi ni yuleyule, bunduki ya kupulizia rangi ileile, kopo la rangi lilelile. Kanuni ya watu wa rangi duniani ni kwamba bodi iwe angalau nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande muda wote wa kazi. Kipimo kidogo cha joto na unyevu kinauzwa bei isiyotisha. Kitundikeni ukutani, na kikisema leo hapana, leo ni siku ya kupiga puti, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, na msasa.

Ukilazimika kupuliza, tumia thina ya kukauka taratibu, punguza presha, puliza tabaka nyembamba na uipe kila tabaka nafasi. Ukungu wa selulosi ukitokea na bado ni mbichi, mara nyingi ukipuliza kwa wepesi thina ile ya taratibu juu yake inalainika tena na kuachia maji, na joto la wastani linasaidia. Ukiwa umezama, subiri ikauke, piga msasa, rudia.

Kabla hamjailaumu hewa, lakini, inameni chini ya kompresa. Kuna koki pale chini ya tangi. Ifungueni kila asubuhi kabla ya kazi. Kompresa inavuta hewa ya Dar es Salaam pamoja na unyevu wake wote, inaikandamiza, maji yanajikusanya chini, ya kahawia, yana kutu na harufu ya mafuta. Usipoyatoa, na kama huna kichujio cha maji kwenye mpira, yatatoka kwa njia ya bunduki. Nimeona watu wakibadilisha aina ya vanishi mara tatu kwa tatizo lililokuwa koki isiyofunguliwa.

Vanishi za kuchanganya na hadna, yaani kigumishi, zinavumilia unyevu zaidi, ila zina maringo yao. Hadna haipatani na maji kabisa: vikikutana hutengeneza gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ni viputo na ukungu ndani ya vanishi yako. Kopo la hadna lililoachwa wazi, likawa na utando juu, mawingu au chengachenga chini, hilo ni la kutupa. Msilipunguze kwa thina, msimpe mwanafunzi wa fundi. Na uwiano ni ule ulioandikwa kwenye kopo, kwa kikombe chenye alama. Kukadiria kwa jicho na kijiti ni ufundi wa kujisifia tu, vanishi haijui kwamba una uzoefu.

Kuna pia ukungu unaochelewa. Unakabidhi gari linang'aa, baada ya wiki mbili limefifia bila sababu inayoonekana. Hapo tabaka zilipigwa nene na kwa haraka, juu pakakauka, thina ikafungiwa chini. Inapotoka polepole, uso unasinyaa. Huu una nafuu. Acha rangi ikomae, piga msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha kampaundi. Na kwa gari lolote jipya kupulizwa, nta isubiri angalau mwezi, ili kisifungiwe kinachotaka kutoka.

Kifaa cha kupima unene wa rangi mkikipata, msikiachie. Kikisoma mikroni 110 paa na 120 mlango, hapo ni kiwandani. Kikisoma 280, pamepulizwa tena. Kikisoma 900, kuna puti, na chini ya puti kuna hadithi ambayo muuzaji hakuisema. Kikishuka chini ya 80, weka mashine chini. Wasio nacho watatumia sumaku kutafuta puti, sawa, ila kumbukeni boneti za aluminiamu zipo. Kijana mmoja gereji ya jirani alimtangazia mteja kwamba boneti nzima ni puti kwa sababu sumaku imeanguka. Mteja akaifungua, akamwonyesha upande wa chini.

Jambo moja la afya, fupi. Ile hadna ina kemikali iitwayo isosianeti. Ikikuingia mapafuni mara kwa mara inaleta pumu, na ukishaipata hata harufu kidogo inakurudisha hospitali. Kitambaa usoni hakizuii kitu, wala barakoa ya karatasi. Inatakiwa ya vichujio vya mvuke, inayobana uso, vichujio vibadilishwe kwa wakati, na penye chumba cha rangi itumike ile ya kuletewa hewa safi. Na mama wa chipsi aliye ukutani kwenu mwambieni mnapuliza saa ngapi.

Baada ya hapo palikuwa na maswali. Kijana mmoja aliuliza kuhusu dawa ya meno, kwamba mtandaoni inaondoa ukungu. Nilimjibu kwamba dawa ya meno ni kampaundi isiyojulikana ukali wake. Kwenye taa inasaidia kwa muda, kwenye rangi inaweka mikwaruzo yake yenyewe, na yeye kama fundi anayelipwa hana sababu ya kutumia kitu cha bafuni. Mwingine akauliza atamtoza mteja kiasi gani kwa kupima tu. Nikamwambia atoze. Pesa kidogo, iandikwe kwenye risiti, ikatwe kwenye kazi ikifanyika. Fundi asiyelipwa kwa kupima atatafuta kazi ya kufanya hata pasipo na kazi.

Mzazi mmoja, mama, aliuliza la mwisho. Gari lake hulala nje, analifunika turubai, na siku hizi anaona mabaka meupe pale turubai linapogusa paa. Nilimuuliza kama analifunika likiwa limelowa. Akasema mvua ikinyesha hana namna. Nikamweleza kwamba turubai la nailoni halipumui, unyevu unakaa usiku kucha juu ya rangi na jua la asubuhi linaupika humohumo. Alivue kila asubuhi mapema, alifute gari kwa kitambaa kisafi chenye maji, aliache lipate hewa. Kama mabaka ni mageni, huenda yakaisha yenyewe kwa siku kadhaa za jua. Yasipoisha, ajaribu maji na siki kabla ya kumwona fundi yeyote. Akaniuliza, je, akiacha turubai na kuegesha chini ya mti? Nikamuuliza ni mti gani. Akasema mwembe. Nikamwambia, mama, endelea na turubai.